Kipuri cha Kutengeneza Kiwe na Alama ya Fundi

(Hotuba kwa mafundi pikipiki, wachomeleaji na madereva wa bodaboda, Mwanga, Kigoma)

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu mliotutangulia kwenye kazi hii, mafundi wenzangu wa Mwanga, Ujiji, Gungu na Katubuka, na ninyi madereva wa bodaboda, maafisa usafirishaji mnaotulisha sisi mafundi kila siku, nawasalimu wote.

Nimepewa mada ya vipuri tunavyotengeneza wenyewe kwa ajili ya pikipiki: keria, bampa, stendi, bushi, vishikio, spesa, na vile vingine ambavyo mteja anavichora kwa kidole hewani halafu anasema, "Fundi, nataka kitu cha hivi." Mada hii naipenda sana. Na nina uchungu nayo pia, kwa sababu kila ninapopita madukani nasikia watu wakisema "hicho ni cha kienyeji" wakimaanisha hakifai, na mafundi wenyewe wanacheka na kukubali. Mimi sikubali. Chuma hakiulizi kama kilikatwa kiwandani au chini ya mwembe. Kinachokiangusha ni kipimo kibaya, mshono mbaya na mzigo ambao hakuna aliyeuhesabu. Hayo yote yamo mikononi mwetu.

Ombi langu kwenu leo ni moja, na mengine nitakayosema yote yanalizunguka hilo. Kila kipande kitakachotoka kwenye karakana zetu kiwe kimepimwa, kimejaribiwa, na kimepigwa alama ya aliyekitengeneza. Kikivunjika huko Mwandiga au Simbo, mtu ajue ni nani wa kuulizwa.

Kwanza tukubaliane kwamba kazi hii ni ya lazima. Pikipiki nyingi zinazofika hapa ziliundwa kumbeba dereva na abiria mmoja. Hapa Kigoma zinabeba madumu ya mawese, magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi kutoka Manyovu, saruji, mbuzi, kitanda cha bibi harusi, na usiku wa manane zinambeba mgonjwa kumpeleka zahanati. Yule aliyezichora huko mbali hajawahi kuona dumu la mawese likifungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa hiyo anayemalizia kuiunda pikipiki ya Kigoma ni fundi wa Kigoma. Hiyo ni kazi ya uhandisi, hata kama hatujawahi kuiita hivyo.

Nianze na keria, kile kibebeo cha mizigo cha nyuma, maana ndiyo tunayoitengeneza zaidi.

Lita moja ya mawese ina uzito wa gramu kama 900. Dumu la lita 20 kwa hiyo lina kilo 18, ukiacha uzito wa dumu lenyewe. Madumu manne ni kilo 72. Sasa angalieni mahali tunapoyaweka. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, pikipiki zetu za kawaida zina takriban sentimita 125. Ukirefusha keria ili kitovu cha mzigo kikae sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma, zidisha 72 kwa 40, gawanya kwa 125: unapata kilo 23. Hizo ndizo kilo ambazo gurudumu la mbele limenyang'anywa. Ukiusogeza mzigo mpaka sentimita 10 nyuma ya ekseli, kinachoondoka mbele hakifiki kilo 6. Mzigo ni ule ule, chuma ni kile kile. Tofauti ni sentimita 30 za keria ambazo mteja alizililia akidhani ndiyo ukubwa wa kazi.

Na gurudumu la mbele ndilo linalokunja kona, na ndilo lenye breki kubwa kuliko la nyuma. Dereva anayepandisha kutoka Kibirizi akiwa na keria ndefu anahisi usukani umekuwa mwepesi, anacheza nao kushoto na kulia, halafu anasema pikipiki ina matatizo ya beringi za mbele. Beringi hazina kosa. Kwa hiyo, fundi, kabla hujashika grenda, chukua futi, tafuta ekseli ya nyuma, na uulize mzigo wa mtu huyu utakaa wapi. Kama mzigo ni mkubwa, ushushe uwe pembeni, chini, karibu na ekseli, kwa vikapu viwili vya chuma. Mteja akikataa, mweleze hesabu niliyowaeleza. Wengi wanaelewa wakielezwa, maana ni shingo yao.

Jambo la pili la keria ni chuma chenyewe. Hapa mjini tunapenda sana nondo ya milimita 12. Inapatikana, mabaki yapo kwenye kila nyumba inayojengwa, na ukiigonga inalia kama kitu kigumu. Lakini hebu tuipime pamoja na bomba la duara lenye upana wa milimita 20 kwa nje na unene wa milimita 2. Ndani ya bomba hilo tundu ni milimita 16. Zidisha 20 kwa 20, toa 16 mara 16, unabaki na 144. Sasa zidisha 12 kwa 12: ni 144 pia. Maana yake chuma kilichomo ni sawasawa, na mita moja ya kila kimoja ina uzito wa gramu zisizofika 900. Lakini ukivibebesha mzigo mmoja kwa urefu mmoja, nondo itapinda zaidi ya mara nne kuliko bomba. Chuma kilichokaa katikati ya nondo hakifanyi kazi kubwa mtu anapoikunja. Kinachofanya kazi ni kile cha ukingoni, na bomba limepeleka chuma chote ukingoni. Pikipiki yenyewe imejengwa kwa mabomba kwa sababu hiyo hiyo.

Nondo ina ubaya mwingine. Imetengenezwa ikae ndani ya zege. Baadhi yake ikichomelewa inakuwa kavu, rahisi kuvunjika, pale pembeni mwa mshono, na yale mabonde yake ya nje ni mahali ambapo ufa hupenda kuanzia. Itumieni kwa madirisha.

Sasa mshono. Keria haivunjiki katikati ya bomba; inavunjika pale mshono unapoishia. Nendeni mkaangalie zile chakavu zilizorundikwa nyuma ya karakana, mtaona. Pale moto ulipokomea chuma kimebadilika tabia, na kama kijiti cha kuchomelea kimekula ukingo na kuacha mfereji mdogo, ufa umepata njia. Kwa bomba la milimita 2, kijiti cha milimita 2.5 kinatosha, na mashine uianzie kwenye ampea 60 au 70, upandishe kidogo kidogo. Vijiti vitunzwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko, hasa masika. Kijiti chenye unyevu kinaacha vipovu ndani ya mshono ambavyo macho hayavioni. Msipige grenda mshono mpaka ukawa sawa na bomba ili upendeze, mnaondoa kile kile mlichokilipia umeme. Na pale keria inapokutana na mkono wake wa kushukia kwenye fremu, wekeni pembetatu ya bati nene, nguvu igawanyike isije ikakusanyika kwenye nukta moja.

Kuna tabia moja lazima niiseme kwa ukali kidogo. Kijana anamaliza kuchomelea, mteja anaharakisha, basi anachukua kipande chenye wekundu bado na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kwa chuma laini madhara yanaweza yasionekane haraka. Lakini kama ni stendi iliyotengenezwa kwa spring ya gari, umeiua. Spring ina kaboni nyingi, kama asilimia 0.6, na chuma cha namna hiyo kikipozwa ghafla kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Ukitaka kuchomelea spring, ipashe moto kwanza, na ukimaliza ifukie kwenye majivu ipoe polepole mpaka iwe baridi. Mteja asubiri, anywe chai.

Bolti nazo. Angalieni kichwa cha bolti. Ikiwa imeandikwa 8.8, ile namba ya kwanza inakuambia kwamba kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho huhimili mvuto wa nyutoni 800, karibu kilo 80, kabla ya kukatika. Namba ya pili inasema itaanza kuvutika na kutorudi ikifika asilimia 80 ya hapo. Ya 10.9 ni kubwa zaidi. Isiyoandikwa kitu usiifungie keria. Halafu kuna hili la meno ya bolti, ambalo linaharibu fremu nyingi hapa mjini. Bolti ya milimita 10, ile ya spana 14 au 17, ukiinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi jino lake, yaani umbali kutoka jino hadi jino, ni milimita 1.5. Kwenye pikipiki nyingi tundu hilo hilo lina jino la 1.25. Ukiiweka inaingia raundi mbili vizuri kabisa, halafu inakaza. Kijana anadhani ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana, anavuta. Hapo anakata meno mapya ndani ya fremu ya mtu. Chukua bolti ya zamani, ilaze ubavuni mwa bolti mpya, meno kwa meno, uyanyanyue kwenye mwanga. Yakilala bila kuacha uwazi ni sawa. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja.

Na kukaza: bolti ya milimita 8 ya 8.8 inahitaji kama nyutonimita 25. Huna spana ya kupimia? Shika spana kwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye nati, na uvute kwa nguvu ambayo ungetumia kunyanyua kilo 10. Wekeni ndoo nusu ya maji hapo karakanani, muinyanyue, mkono uizoee.

Ndugu zangu, mji wetu una mfano wa kazi hii ambao unapaswa kuwa kwenye kila darasa la ufundi. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilijengwa, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda reli mpaka hapa Kigoma, na hapa ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mnaelewa maana yake kwa fundi? Tundu lililotobolewa Papenburg lilikutana na tundu lake Kigoma. Hakuna mtu angeweza kupanda meli kurudi Ulaya kuuliza kwa nini bati hili limezidi milimita tatu. Halafu mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walipaka injini grisi nyingi. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini na maboila yalikuwa bado yanafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina hili tunalolijua. Miaka minane majini! Sasa sisi tunatengeneza bushi ya swingamu, yaani ile pete ya ndani ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, tunaifunga kavu, na baada ya masika moja imekufa. Grisi ni sehemu ya kipande. Ukikabidhi bushi bila grisi umekabidhi nusu.

Na hapo kwenye bushi nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Pikipiki inayoyumba nyuma kama inataka kulala, mara nyingi imekula bushi za swingamu. Za dukani zipo, ila za baadhi ya pikipiki hazipatikani hapa, au zinapatikana laini mno. Mkerezaji mwenye mashine anaweza kuzitengeneza vizuri kuliko za dukani, na hapa kando ya ziwa tuna bahati: vipande vya shaba nyeusi vilivyotumika kwenye shafti za boti vinauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Shaba hiyo imekwisha kuishi maisha ya kusuguana na chuma. Ndiyo kazi yake.

Anza na shafti. Usipime sehemu moja. Pima kwa venia, kile kipimo chenye taya, katikati, pima miisho yote miwili, halafu izungushe robo ya mzunguko upime tena. Shafti iliyolika inakuwa na umbo la yai, na ukiitengenezea bushi nzuri ya duara umepoteza shaba yako bure. Shafti ibadilishwe kwanza. Ikiwa nzima, tundu la bushi lizidi shafti kwa kama sehemu tano za mia moja za milimita. Ukigeuza kwa mkono iende bila kukwama, na ukiitikisa usisikie mgongano. Upande wa nje bushi iwe kubwa kuliko nyumba yake, yaani tundu inamokaa, kwa sehemu tatu au nne za mia moja, iingie kwa kubanwa kwenye jiliwa, polepole, imenyooka, nyundo isiiguse. Ikishaingia itakuwa imebanwa, tundu limepungua kidogo, kwa hiyo pima tena na upitishe rima, kile kifaa cha kusawazisha tundu, ukamilishe. Chimba kijifereji cha grisi ndani, kisifike ukingoni ili grisi isitoroke. Mkiifuata njia hii bushi itamshangaza mwenye pikipiki.

Kuna wanaotumia nailoni. Si vibaya, ni nyepesi na haina kelele. Lakini nailoni hunywa maji na kuvimba. Ukiikereza kiangazi ikawa inabana shafti vizuri, masika itaikaba. Iachieni nafasi kubwa kuliko ya shaba.

Sasa niwaambie habari za mzee mmoja wa Nyuzilandi, Burt Munro, aliyezaliwa mwaka 1899. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout ambayo kiwandani ilitoka ikiwa na mwendo usiofika kilomita 100 kwa saa. Aliifanyia kazi nyumbani kwake karibu maisha yake yote. Pistoni alizimimina mwenyewe kwenye makopo ya zamani. Konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, alizichonga kwa mkono kutoka kwenye ekseli ya trekta, kwa tupa, kwa uvumilivu. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliiendesha kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya daraja lake kwa mwendo wa takriban kilomita 295 kwa saa. Vijana mkisikia habari hii mnawaza mwendo. Mimi nawaza ekseli ya trekta. Hakuokota chuma chochote kilichokuwa karibu. Alichagua chuma ambacho tayari kilitengenezwa kustahimili kusokotwa na kugongwa, akakipa kazi inayofanana na hiyo.

Na alikuwa na rafu. Kwenye rafu hiyo alipanga pistoni na konrodi zilizovunjika. Hakuzitupa. Sisi kipande kikivunjika tunakificha haraka, au tunakirushia kwenye chakavu, na ushahidi wote unakwenda nacho. Kuanzia leo naomba kila karakana iwe na sanduku la vilivyovunjika. Chukueni kipande mkiangalie pale kilipokatika. Kama uso wote ni wa chembechembe na umeng'aa, kilikatika mara moja kwa mzigo mkubwa. Kama kuna sehemu laini yenye mistari iliyopinda mmoja nyuma ya mwingine, mithili ya alama ambazo mawimbi huacha kwenye mchanga wa Bangwe, basi ufa ulianza siku nyingi, ukawa unasogea kila pikipiki inapogonga shimo. Ifuateni mistari hiyo kinyumenyume, itawapeleka kwenye nukta ulipoanzia. Utakuta ni ukingo wa mshono, au tundu lililotobolewa karibu mno na ukingo, au kona iliyokatwa kwa pembe kali. Hapo ndipo pa kurekebisha kwenye kipande kijacho. Kuongeza unene wa chuma chote bila kujua ufa ulianzia wapi ni kumbebesha mteja kilo za bure.

Vipo vitu ambavyo nawaomba tusivitengeneze, hata mteja akilia. Ekseli ya gurudumu. Viatu vya breki na mikono ya breki. Shina la usukani. Kuchomelea rimu iliyopasuka. Vitu hivi vikikatika havitoi taarifa, na dereva hana la kufanya. Tangi la petroli lililotoboka nalo msilisogezee moto. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki umechanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Bomba lenye rangi ya zinki msilichomelee mkiwa mmejifungia ndani. Moshi wake mweupe unaleta homa na baridi usiku mkadhani ni malaria. Miwani ya jua si kinga ya macho, tafuteni kioo cheusi cha kuchomelea namba 10 au 11. Na kabla ya kuchomelea chochote kikiwa kwenye pikipiki, chomoa betri, na ile kebo ya ardhi ya mashine uibane karibu kabisa na unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi na waya za mtu.

Nirudi kwenye kujaribu. Keria ikiisha, isipakwe rangi. Rangi ni ya mwisho. Chukua madumu ya lita 20 ujaze mchanga mkavu. Kila moja linapita kilo 30. Egemeza fremu ya pikipiki kwenye magogo ili shokapu zisibebe jaribio hilo, funga kamba kutoka ncha moja ya keria hadi nyingine, pima, halafu weka madumu manne ya mchanga. Hiyo ni zaidi ya kilo 120 mahali ambapo mawese yangekuwa 72, na unahitaji akiba hiyo kwa sababu shimo la barabarani linaufanya mzigo uigonge keria kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake. Acha mpaka asubuhi. Ondoa, pima tena. Ikiwa imerudi pale pale ilipokuwa, vizuri. Ikiwa imebaki imeinama hata milimita chache, haiendi barabarani.

Dereva akiitumia kwa wiki moja, airudishe. Pakeni mafuta ya taa kwenye mishono, subirini robo saa, futeni pakauke kabisa, halafu pakeni vumbi la chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Karakana za reli zilitafuta nyufa kwa namna hii zama za injini za mvuke. Hakuna mashine ya kununua hapo. Baada ya hayo ndipo mpake rangi, na miisho ya mabomba mzibe vizuri, maana maji ya samaki wa chumvi yakiingia ndani bomba linaliwa kutoka tumboni na rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Na alama. Nunueni mihuri ya chuma ya herufi na namba, mpige herufi zenu na mwaka. Usiipige kwenye bomba linalobeba mzigo, kwa sababu kila shimo la muhuri ni mlango wa ufa. Chomelea kijibati kidogo mahali pasipo na kazi, uipige hapo. Kwenye keria ongeza uzito wa mwisho: KILO 80, kama ulijaribu kwa kilo 120 na kuacha akiba. Kwenye daftari andika tarehe, aina ya chuma, unene, bolti, na mzigo wa jaribio. Kielelezo cha boksi ulichokatia umbo kitunze, kitundike ukutani. Mteja wa pili mwenye pikipiki ya aina hiyo hutampima upya, na kazi itakuwa nafuu kwake na kwako.

Najua mtaniambia kwamba hayo yanaongeza bei. Yanaongeza. Jaribio lina muda wake na muda una bei. Maafisa usafirishaji, hapa nazungumza nanyi: mnapomwambia fundi apunguze elfu tano, anaipunguza kwenye kitu ambacho hamkioni. Anatoa pembetatu ya bati. Anaweka bolti isiyo na namba. Muulizeni amejaribu kwa kilo ngapi, mwambieni awaoneshe daftari, halafu ndipo mzungumzie bei. Na tusaidiane kwa hili: mwenye keria isiyo na alama ya mtu yeyote asikubali kupakia abiria nyuma ya mzigo.

Kuhusu kujifunza, nitasema maneno machache. Soichiro Honda alikuwa mtoto wa mhunzi. Alikuwa mtu mzima mwenye karakana yake alipoanza kutengeneza pete za pistoni, na zikawa hazifai, ngumu, hazina mnyumbuko. Alikwenda chuo cha ufundi mjini Hamamatsu, akakaa darasani na vijana, akaelewa kuwa chuma chake kilipungukiwa silikoni. Sisi tuna chuo cha ufundi stadi cha VETA hapa hapa Kigoma, tuna SIDO iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa viwanda vidogo kama sisi. Fundi mwenye mvi kukaa benchi moja na kijana wa miaka 18 akijifunza kusoma mchoro, namheshimu sana. Nanyi mabinti mliokuja leo na mnajifunza kukereza, msikubali kupewa kazi ya kuandika risiti tu. Subira na jicho la sehemu ya mia ya milimita ninayaona kwenu kila ninapowatazama kwenye mashine.

Nimalizie na utaratibu. Hapo nje kuna meza yenye venia, futi, mafuta ya taa na chaki. Madereva wenye keria za kutengeneza tutaziangalia bure mpaka saa kumi jioni. Tutakazokuta na ufa tutaziwekea alama ya rangi nyekundu, na mafundi watatu watabaki na mashine kwa ajili ya kuzifungua na kuzirekebisha. Mafundi mnaotaka kielelezo cha keria ya bomba la milimita 20, njooni na boksi na kalamu, mchore chenu mwondoke nacho. Shusheni mizigo kwanza, mje kwa zamu. Asanteni kwa kunisikiliza.